Uaminifu wa Nyumba Mbili: Mafunzo ya Vijana wa Kikristo katika Usambara

Dini mpya iingiapo katika nchi, mzigo wake mzito hubebwa na vijana. Mzee abatizwapo ana nyumba yake, ana shamba lake, na neno lake lina uzito mbele ya watu. Mtoto mchanga naye huchukuliwa mgongoni mwa mama yake. Lakini kijana wa miaka kumi na mitatu au kumi na sita hana nyumba ila ya baba yake, hana mahari ila yatakayotolewa na ukoo wake, wala hana sauti barazani. Huyu akiambiwa kuwa amepata ndugu wapya katika imani, jambo la kwanza atakalotaka kujua ni dogo na la karibu: ndugu hao watamfaa nini siku ya njaa, siku ya deni, siku ya ndoa na siku ya maziko? Habari za Wakristo wa milima ya Usambara tangu mwisho wa karne ya 19 ni habari za jinsi jambo hilo lilivyojibiwa, mara kwa maneno na mara kwa matendo.

Waswahili husema, mwacha asili ni mtumwa. Watu wa leo huitumia methali hii kumwonya mtu anayedharau mila za kwao. Katika Usambara ya karne ya 19 methali hii ilikuwa kweli tupu isiyohitaji kufasiriwa. Mtu aliyekosa alitozwa faini, na faini ilipomshinda, ukoo wake ulimlipia. Ng'ombe au mbuzi walitoka kwa kaka, kwa baba mdogo, kwa mjomba, mpaka deni likaisha. Mtu asiye na ukoo hakuwa na wa kumlipia, na mwili wake ndio uliokuwa malipo. Basi uaminifu kwa jamaa ulikuwa ngome. Aliyetoka nje ya ngome hiyo alikuwa windo la mwenye nguvu, na katika miaka ile njia za misafara ya bonde la Pangani zilikuwa na wanunuzi tele.

Hata hivyo, nchi hiyo hiyo ilikuwa ikisimulia habari nyingine. Katika Habari za Wakilindi, kitabu alichokiandika Abdallah bin Hemedi kwa Kiswahili na ambacho kilitolewa tena mwaka 1962, asili ya wafalme wa Usambara ni kijana aliyekataliwa na ndugu zake. Mbegha wa Ngulu alikuwa kigego, maana meno yake ya juu yalitangulia kuota, na watoto wa namna hiyo walidhaniwa kuleta nuksi. Wazazi wake walimhurumia wakamlea. Walipokufa, jamaa walimnyima urithi na kumtupia lawama ya vifo vilivyotokea. Akatoka na mbwa wake na mikuki yake mpaka Kilindi, na huko akafanya urafiki na mtoto wa mkuu wa mji. Rafiki huyo akauawa na nguruwe mwitu mawindoni. Mbegha akakimbia, akafika milimani, akawagawia watu nyama, nao wakampa chakula, wakampa wake, na mwisho wakampa ufalme wa Vuga. Kizazi chake hakikuitwa kwa jina la ukoo uliomfukuza. Kiliitwa Wakilindi, kwa jina la mji alikopata rafiki.

Msomaji aone jambo lililomo katika habari hiyo. Washambaa hawakungoja kuletewa kutoka ng'ambo fikira ya kwamba mtu aweza kupata udugu mahali pasipo damu yake. Waliijua, na waliiweka katika mwanzo wa dola yao. Lakini waliijua kwa sharti: Mbegha hakupokewa kwa kusema kuwa yeye ni ndugu. Alipokewa kwa sababu aligawa nyama.

Waliijua vile vile hatari ya ukoo uliosahau wajibu wake. Kimweri ye Nyumbai, mfalme mkubwa kuliko wote waliotangulia, aliwaweka wanawe katika majimbo, na maadamu yu hai walimtii. Alipofariki, yapata mwaka 1862, kiti kilikwenda kwa mjukuu wake, Shekulwavu. Semboja, mwana wa Kimweri na ami wa mfalme huyo kijana, aliyekaa Mazinde karibu na njia ya misafara na kujipatia bunduki, aliinuka akamwondosha. Bonde ikaasi. Vita vya jamaa moja vikageuka vita vya nchi nzima, na watu wakakamatwa wakauzwa pwani. Waliozaliwa katika miaka hiyo walikua wakiona kwamba damu peke yake haimfungi mtu. Ami alikuwa amempindua mtoto wa nduguye, na wasiokuwa na hatia ndio waliolipa.

Katika nchi iliyojeruhiwa hivyo ndimo misheni ilimoingia. Johann Ludwig Krapf alikuwa amefika Vuga mwaka 1848 na kuzungumza na Kimweri juu ya kuleta walimu, lakini hapakutokea kitu cha kudumu. Mwaka 1891 Ernst Johanssen na Paul Wohlrab, wamisionari wa chama cha Kiprotestanti kilichoanzishwa Berlin mwaka 1886, na ambacho baadaye kilihamia Bethel karibu na mji wa Bielefeld, walifungua kituo Mlalo. Vuga ilifuata mwaka 1895, na Bumbuli mwaka 1899. Wamisionari Wakatoliki nao walishika Gare. Wakati huo huo serikali ya Kijerumani ilikuwa ikiivunja nguvu ya Wakilindi. Mwaka 1895 Mputa, mwana wa Semboja, alinyongwa, na Kinyashi akawekwa mahali pake. Kijana wa Mlalo au wa Vuga aliyeketi kujifunza kusoma katika miaka hiyo alikuwa akiona nguzo za zamani zikianguka moja moja.

Mafunzo aliyopewa yalikuwa na mpango. Kitabu cha kwanza kilikuwa Katekisimu Ndogo ya Martin Luther, iliyotungwa mwaka 1529 kwa ajili ya nyumba za wakulima wa Ujerumani ambao elimu yao ya dini ilikuwa haba. Kijana aliifunza kwa moyo, akaulizwa mbele ya watu wote, kisha akapokea kipaimara na kuhesabiwa mtu mzima katika usharika. Katika katekisimu hiyo amri ya nne ni ya kumheshimu baba na mama, na mafafanuzi yake huieneza heshima hiyo mpaka kwa wakubwa wengine wote. Hapa mwalimu na mzee wa Kishambaa waliafikiana kabisa. Hapana mzazi wa milimani ambaye angeona ubaya katika fundisho la kwamba mtoto amtii baba, amtunze mama katika uzee, asiwatie aibu.

Lakini kijana yule yule, kwa kinywa cha mwalimu yule yule, alisomewa pia katika Injili kwamba ampendaye baba au mama kuliko Bwana hastahili kuwa mfuasi. Alisomewa habari za wavuvi walioacha nyavu na baba yao chomboni. Kwa mwalimu aliyezaliwa katika nchi ambamo kila mtu alikuwa amebatizwa utotoni, maneno hayo yalikuwa mfano wa bidii. Kwa kijana wa Usambara yalikuwa jambo la wiki ijayo. Jamaa walipokusanyika kutambika, ilipasa wote wawepo kwa moyo mmoja, na ndugu asiyehudhuria alidhaniwa kuwa ana kinyongo. Mvua ikikosa kunyesha au mtoto akifa, kutohudhuria kwake kulikumbukwa. Hivyo kukataa tambiko hakukuwa kukataa ibada peke yake. Katika macho ya mama yake kulikuwa kukataa kumtakia nduguye uzima.

Hapa wamisionari wengi wa zamani walikosea hesabu. Walidhani kwamba kinachomzuia kijana ni woga wa mizimu, na kwamba woga ukiondolewa na elimu, njia itakuwa nyeupe. Hawakuona upesi kwamba wengi walizuiwa na upendo. Kijana aliyebaki nyumbani siku ya tambiko huenda hakuamini tena habari za mizimu, lakini aliamini kwamba mama yake atalia. Wala mafunzo ya kukataza hayakutosha kumjibu, kwa kuwa katazo humwambia mtu asikokwenda bila kumwambia atakakokaa.

Palikuwa na mahali pamoja ambapo jambo hili lilionekana wazi kuliko pengine. Mwaka 1896 nyumba ilifunguliwa Lutindi, katika milima hiyo hiyo, kwa ajili ya watoto waliookolewa katika utumwa. Watoto hao hawakuwa na ukoo wa kuuasi wala wa kuutii. Kwao udugu wa waumini haukuwa nyumba ya pili. Ulikuwa nyumba pekee. Na mtu aweza kuona kwa mfano huo jinsi udugu usivyokuwa neno la mdomoni: ilibidi pawe na mtu wa kupika, wa kufua, wa kuuguza, wa kutafuta shamba na wa kusimamia arusi. Mambo yote ambayo ukoo huyafanya bila kuambiwa, hapo ilibidi yafanywe kwa kusudi. Baadaye Lutindi ikageuka kuwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, yaani watu ambao hata wenye ukoo wao mara nyingi walikuwa wamewakimbia.

Swali la kuwafundisha vijana uaminifu halikuwa la Usambara peke yake, na majibu ya majirani yafaa kulinganishwa. Upande wa kaskazini-magharibi, katika Kilimanjaro, Bruno Gutmann wa misheni ya Leipzig, aliyefika nchini mwaka 1902 na kufanya kazi Old Moshi kwa miaka mingi mpaka mwaka 1938, alilifanya swali hilo kuwa kazi ya maisha yake. Aliona kwamba Wachaga wana vifungo vitatu vya asili: ukoo, ujirani na rika. Akashikilia kwamba kanisa halina ruhusa ya kuvikata, maana likivikata litabaki na watu wapweke wanaojuana kwa kuitikia nyimbo tu. Kwa hiyo aliwafungamanisha vijana wa kipaimara katika vikundi vidogo alivyoviita kwa jina la ngao, kwa kufuata desturi ya zamani ya rika. Kila kijana alikuwa na mwenzake wa kumwangalia, kumkumbusha na kumsimamia katika shida, si kwa muda wa masomo bali kwa maisha. Kusini ya mbali, Masasi, Vincent Lucas wa misheni ya Waingereza ya UMCA aliichukua jando yenyewe, akaiondolea asiyoyakubali, akaitia sala na mafundisho ya Kikristo, ili mtoto aingie utu uzima mbele ya wazee wake na mbele ya kanisa lake kwa siku moja.

Mipango hii ilisifiwa sana, na ilistahili sifa, kwa sababu waanzilishi wake walimtazama kijana kama mtu mwenye watu. Lakini yafaa kusema pia kwamba haikuwaridhisha vijana wote. Wachaga waliosoma, waliolima kahawa na kuuza wenyewe, waliotaka shule za juu na lugha ya Kiingereza, walimwona Gutmann kuwa anawafungia katika kibanda cha babu zao wakati dunia inakwenda mbio. Malalamiko yao yalikuwa na haki ndani yake. Uaminifu unaotunzwa na mgeni kwa niaba ya wenyeji hugeuka kuwa ulinzi, na mlinzi hata akiwa mwema huja akawa bwana. Uaminifu uliopendekezwa ulikuwa mzuri. Aliyeupendekeza ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kutoa na kunyima.

Usambara haikupata mtu wa nadharia kama Gutmann. Ilipata mtihani. Mwaka 1907 Johanssen aliondoka kwenda kuanza kazi Rwanda, na Wakristo wa Kishambaa walikuwa miongoni mwa waliokwenda kusaidia kazi hiyo. Kwa vijana waliobaki, safari hiyo ilikuwa somo kubwa kuliko hotuba. Watu wa milima yao walikuwa wamekwenda mbali na makaburi ya baba zao kwa ajili ya watu wasiowajua, na wala hawakwenda kama watumwa. Methali ya mwacha asili ilikuwa imepata jibu.

Mtihani mkubwa ulikuja na vita. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliishika Usambara. Wamisionari Wajerumani walikamatwa na kuondoshwa nchini, na kufika mwaka 1920 hawakuruhusiwa kubaki. Ruhusa ya kurudi ilipatikana karibu na mwaka 1925. Mapema katika vita vya pili vya dunia wakaondoshwa tena, na Walutheri wa Marekani wakasaidia kuyaangalia makanisa yaliyoachwa. Mara mbili, basi, katika umri wa mtu mmoja, wale waliofundisha udugu wa imani walitoweka, na fedha zao zikatoweka pamoja nao. Kama udugu huo ungalikuwa wa kutegemea posho na amri ya kituo, ungalikufa.

Haukufa. Walimu Washambaa waliendelea kufundisha, wengine bila mshahara. Wazee wa kanisa waliendelea kuamua kesi na kuzika wafu. Ni haki kuuliza nguvu hiyo ilitoka wapi, na jibu halipatikani katika katekisimu peke yake. Mwalimu wa kijiji alikuwa mtoto wa kijiji. Aliyemfundisha kijana amri ya nne alikuwa, kwa hesabu ya ukoo, baba yake mdogo au mjomba wake. Alilima shamba lililopakana na la wazazi wa mwanafunzi. Alipomwambia kijana asishiriki jambo fulani la nyumbani, yeye ndiye aliyekwenda jioni kuzungumza na wazazi na kuketi nao mpaka hasira ikapoa. Nyumba mbili ambazo misheni ilidhani kuwa zinashindana zilikuwa zimekwisha kuungwa kwa ukuta mmoja, na ukuta huo alikuwa mwalimu mwenyewe.

Kuna upande mwingine wa Usambara ambao haukuwa rahisi hivyo, nao ni nyika. Mnazi iko chini ya milima, upande wa kaskazini, panapoanza tambarare ya Umba. Washambaa wa kale walitofautisha sana nchi yao ya juu, yenye baridi na migomba, na nyika iliyo chini yenye homa, joto na hofu ya wavamizi. Hakuna aliyeteremka huko kwa furaha. Lakini ardhi ya milimani ilivyozidi kuwa haba, na kazi za mkonge zilivyozidi kuwavuta watu, wengi waliteremka, na wengi wao walikuwa vijana. Katika nyika kijana alikutana na makabila mengi, na mara nyingi majirani zake walikuwa Waislamu. Ukoo wake ulikuwa juu mlimani, na usharika wake pia ulikuwa juu mlimani. Huko chini ndiko ilikojulikana kama alifundishwa kuwa mwaminifu kwa watu au kwa mahali tu.

Na si majirani tu waliokuwa wa dini nyingine. Uislamu ulienea katika Usambara katika miaka ile ile ya Ukristo, hata ikawa jambo la kawaida ndugu wa tumbo moja kuwa huyu Mlutheri, huyu Mwislamu, na dada yao ameolewa na Mkatoliki. Fundisho la kwamba waumini ni ndugu, likishikwa bila busara, lingeweza kuigawa kila nyumba. Halikuzigawa nyingi, kwa sababu desturi ya msiba na arusi ilikuwa na nguvu kuliko mipaka. Aliyefiwa alizikwa na wote: hawa wakisoma yao, hawa wakinyamaza kwa heshima, na wote wakishika jembe. Kijana aliyejifunza katika kipaimara kuwapenda ndugu wa imani alijifunza kaburini kwamba upendo huo haumwondolei deni la ndugu wa damu.

Walakini uaminifu una kivuli chake, na historia isiyokitaja haimfai kijana. Ukoo uliomlipia mtu faini ndio huo huo uliomweka mtoto rehani wakati wa dhiki. Usharika uliomzika mgeni uliweza pia kuyafunika makosa ya wakubwa wake kwa kuogopa aibu. Neno la kuwa usimseme nduguyo mbele ya watu limewalinda wanyonge wengi, na limewaponza wengi vile vile. Shekulwavu hakuangushwa na mgeni. Aliangushwa na ami aliyekuwa na haki ya kuheshimiwa. Kwa hiyo kumfundisha kijana uaminifu bila kumfundisha lini aseme hapana ni kumfundisha nusu ya somo, na nusu hiyo hupendwa sana na wadhalimu. Vijana wa kwanza wa Mlalo walijifunza kusema hapana kwa baba zao juu ya tambiko, na wakabaki kuwatunza uzeeni. Huo ulikuwa uaminifu mgumu kuliko utii, na mgumu kuliko uasi.

Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika, na la Usambara na Digo likiwa mojawapo, yaliungana kuwa kanisa moja. Muungano huo uliandikwa kwa katiba na kutiwa sahihi, lakini ulikuwa umetanguliwa na kazi ya miaka sabini isiyoandikwa: ya mjomba aliyekubali kulipa mahari ya mpwa wake aliyebatizwa, ya jirani aliyemlisha mwalimu asiye na mshahara, ya mama aliyemsamehe mwanawe siku aliyokosa kuhudhuria. Mafunzo ya kipaimara yanaendelea katika milima hiyo hata leo, na wanaofundishwa hukabiliwa na miji na shule za mbali kama wenzao wa zamani walivyokabiliwa na nyika. Wakiuliza udugu ni nini, jibu la kweli la nchi yao ni lile la Mbegha: mtu huwa ndugu pale anapogawa alichonacho. Kisha na waulizwe wao wenyewe, nani amekula katika mkono wao, wa damu yao na asiyekuwa wa damu yao.